Foleni ya Malaba isiwe kisingizio

Mkazi yeyote wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, anaijua foleni ya malori. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa Covid-19 kabla ya kuingia Uganda, foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma, na watu wakalala ndani ya malori siku nenda siku rudi. Aliyekwama namna hiyo hana lawama.

Lakini foleni hiyo sasa inabebeshwa makosa ya kila anayechelewa, hata aliyekuta njia nyeupe asubuhi.

Hasara ya kuchelewa huonekana wazi kwenye ofisi za mawakala wa forodha. Chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza 2014, kodi za mizigo ya Uganda hushughulikiwa kabla lori halijatoka Mombasa. Likifika mpakani husimama mara moja tu, upande wa Uganda, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Mpango huo umepunguza mengi, ila haumwamshi wakala aliyelala. Hati ikikosa kuingizwa mapema, lori huegeshwa kando, dereva hula posho ya safari akiwa amekaa, na mwenye mzigo hulipia kontena siku nyingine.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe, kilicho kando ya barabara ya Busia–Malaba, akipata mafunzo ya kazini katika ofisi kama hiyo, hupewa daftari ambalo msimamizi hulitia saini. Saini ile ni ushahidi kwamba kijana alikuwepo na alifanya kazi. Mhadhiri akifunga safari kuja kumkagua, akakuta kiti kitupu saa tatu asubuhi, alama hupotea. Zaidi ya hapo, mwenye ofisi atasita kumpokea mwanafunzi wa mwaka unaofuata, ambaye hakukosa lolote.

Wakubwa nao wasijitoe. Mhadhiri anayewasimamisha wanafunzi nje ya mlango wake hadi adhuhuri, au meneja anayeita watu kwenye usaili saa mbili akaanza saa sita, anawafundisha vijana kwamba muda wa mdogo hauna thamani.

Vyuo na ofisi za mpakani vinaweza kuanza na mambo mawili mwezi huu. Anayeona atachelewa apige simu kabla ya saa ya miadi, si baada yake. Na kikao kianze saa iliyoandikwa kwenye barua, hata kama aliyebaki njiani ni mwenyekiti.