Mshahara pekee hautamtuliza afisa wa kike Kisumu

KILA mara dhiki ya polisi wa Kenya inapojadiliwa, mazungumzo huishia kwenye mshahara na nyumba. Jopo la Jaji Philip Ransley liliyataja hayo mwaka 2009, na jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililokabidhi ripoti yake Novemba 2023, likayarudia. Hayo ni ya kweli. Hata hivyo, kwa afisa wa kike anayehudumu Kisumu, kero nyingine imo katika mgao wenyewe wa kazi.

Chukua dawati la jinsia. Anayeketi hapo mara nyingi ni mwanamke, kana kwamba kusikiliza kilio ni maumbile yake wala si ujuzi unaostahili kupandishwa cheo. Kando ya Ziwa Victoria, ambako desturi ya jaboya humfanya mchuuzi atoe mwili wake ili auziwe samaki, dawati hilo halikosi watu. Asubuhi afisa huandika taarifa ya mtoto aliyenajisiwa. Alasiri, ghasia zikizuka Kondele, huvishwa kofia ngumu akakabiliane na vijana. Yeye naye amweleze nani? Mkubwa wake ndiye huyo huyo anayependekeza uhamisho.

Kisha kuna makao. Mageuzi ya Septemba 2018 yaliwaruhusu maafisa kupanga nyumba miongoni mwa raia. Jijini Nairobi huenda huo ukawa uhuru. Kisumu, ambako mtoto Samantha Pendo wa miezi sita alifariki baada ya polisi kuvamia nyumba yao Nyalenda mnamo Agosti 2017, jirani hasahau. Mama mwenye watoto hujiuliza iwapo aanike sare yake uani.

Haitoshi kujibu kwamba wanawake wamefika juu. Grace Kaindi aliongoza polisi wa Nyanza wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, na baadaye akawa Naibu Inspekta Jenerali. Cheo cha mmoja hakimpunguzii konstebo zamu.

Tume ya Huduma ya Polisi inaweza kuanzia mahali padogo: washauri nasaha wasioripoti kwa makamanda, zamu za dawati zinazowahusu wanaume pia, na kazi ya dawati kuhesabiwa maafisa wanapopandishwa vyeo. Huenda gharama yake ikawa ndogo kuliko ya nyongeza ya mishahara inayozozaniwa.