Dawa Gani Hiyo ya Miaka Saba?

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilikuwa barazani Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na kikombe changu cha kahawa chungu. Akapita kijana wa mtaani kwetu, kifua mbele, mabega yamejaa hata kichochoro kikaonekana chembamba. Alitusalimu, tukaitikia. Alipopinda kona tu, mzee mmoja, ambaye kwa heshima namwita ami, akasema: "Ule si mwili, ule ni dawa." Baraza zima likaafiki kama linaitikia dua.

Nilinyamaza kwa ajili ya mvi zake. Lakini neno hilo "dawa", yaani steroidi, nimelisikia mara nyingi mno, Kuze, Bondeni, hata harusini, na limenichosha.

Kijana huyo namjua tangu 2018, mbavu zake zilipokuwa zikihesabika kupitia shati. Jimu yake ni chumba cha chini cha nyumba ya mawe, ukutani chokaa imebambuka, joto la humo ndani lingeivisha mkate wa mofa. Vyuma vyenyewe ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kupachikwa kwenye bomba la maji. Benchi amelipiga misumari fundi wa vitanda, na ukilalia vibaya linakubana ngozi ya mgongo. Hakuna feni. Kuna daftari la shule, kurasa zake zimelainika kwa jasho, na siku moja aliniruhusu nilifunue.

Ukurasa wa kwanza: kilo 20, mara sita, na pembeni ameandika "nimeshindwa". Mbele kidogo kuna miezi mitatu mizima ambapo kilo 45 hazisogei, tarehe chini ya tarehe, nambari ile ile. Kuna Ramadhani, saa zimehamia baada ya tarawehe. Kuna wiki mbili tupu alipougua malaria, na baada yake uzito umerudi nyuma. Ukurasa wa mwisho niliouona ulikuwa na kilo 90, za kusukuma kifuani.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina chuki. Kutoka 20 hadi 90 ni kilo 70. Gawanya kwa miaka saba, upate kilo 10 kwa mwaka. Haifiki hata kilo moja kwa mwezi! Dawa gani hiyo, ami? Dawa ya minyoo inafanya kazi upesi kuliko hiyo. Ingekuwa nimeinunua mimi, ningemrudishia mwenye duka mwezi wa pili nidai pesa zangu.

Na msuli ndivyo ulivyo, hauna haraka. Ukiubebesha mzigo uliouzidi kidogo ule wa jana, mwili wautengeneza upya kwa protini, ukila na ukilala. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka bila kioo kuona kitu, kwa sababu mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza. Hapo ndipo watu wengi hutoroka, wakarudi barazani kutufundisha habari za dawa.

Nendeni Marikiti asubuhi mtazame hamali akishusha gunia. Mgongo wake umechongeka kama mlango wa Kiswahili, mapaja kama magogo ya mkoko. Mbona hakuna aliyewahi kusema hamali anadungwa sindano? Kwa sababu mzigo wake tunauona, tena ni lumbesa, gunia lililovikwa kilemba cha viazi juu, ingawa kanuni za 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. (Hiyo sheria nani anaifuata? Hamali angekuwa mbunge, ingefuatwa.) Hamali tunaukubali mwili wake kwa kuwa anatubebea sisi. Huyu anayejibebea mwenyewe, gizani, bila malipo, ndiye mwenye dawa. Makuli wa Kilindini waliogoma Januari 1947 wakaisimamisha bandari walikuwa na vifua vipana kuliko hao mnaowashuku, na chakula chao kilikuwa duni. Wao pia walidungwa na nani?

Baadaye nilipomuuliza ami ushahidi, alinijibu kwamba kijana ana kopo la unga. Unga! Mji huu wa Kale umezika watoto wake kwa unga wa heroini tangu miaka ya 1980, vijana wamekuwa vivuli mbele ya macho yetu, wengine wakidungana sindano hatua chache tu kutoka vibaraza hivi hivi, na sisi tukageuza nyuso. Leo sindano tunaiona kwa yule anayelala mapema! Unga alionao kijana ni maji yanayobaki maziwa yakishatengenezwa jibini, yamekaushwa. Tena kopo lilikwisha tangu mfunguo tatu, sasa hivi ni mbaazi na mayai ya kuchemsha. Yai moja lina gramu sita hivi za protini, na mayai hata ami anayo nyumbani.

Mwingine akaleta hoja anayoiona nzito: ati mtu akiacha mazoezi, misuli yote hugeuka mafuta. Haya, na fedha ikiwekwa kabatini hugeuka shaba? Msuli ni kitu kimoja, mafuta ni kingine. Ukiacha mazoezi msuli hupungua, ukiendelea kula sahani mbili za biriani mafuta huja kwa miguu yao wenyewe. Aliyesema hayo shavu lake lilikuwa limetuna kwa muguka kuliko bega la kijana. Ule muguka ambao gavana wa Mombasa aliupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri. Taya peke yake ndilo linalofanya mazoezi barazani kwetu.

Mtaniambia Arnold Schwarzenegger mwenyewe alikiri kutumia steroidi. Alikiri, naam. Alianza vyuma akiwa kijana mdogo kijijini Austria, akatwaa taji la kutunisha misuli la Mr. Olympia mara saba, na sindano haikuwahi kumnyanyulia chuma hata kimoja. Dawa zipo, na zinaua moyo na ini, sikatai. Lakini mkitaka kuwinda dawa Kenya, mbona hamuanzii kwa wembamba? Rita Jeptoo, mkimbiaji wa marathoni, alinaswa na EPO, dawa ya kuongeza damu, 2014. Asbel Kiprop, bingwa wa mita 1,500, mwembamba kama ufito, akafungiwa 2019. Hakuna mtu barazani aliyewahi kumtazama mkimbiaji akipita akasema "zile si mbio". Tulipiga makofi.

Ninavyoona mimi, neno "dawa" ni raha ya mvivu. Kama ni dawa, basi mimi sikushindwa, nilikataa tu kununua. Kama ni daftari, itabidi nieleze miaka yangu saba ilikwenda wapi, na mimi najua yangu ilikwenda wapi: ilikwenda kwenye kahawa na kashata, na kitambi ninacho.

Ami, jimu hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri. Malipo ni shilingi 50 kwa siku, nusu ya pesa unazotafuna kabla ya adhuhuri. Kopo la karibu na mlango lina kilo nane. Nitakungoja hapo Jumatatu.