Eti "ongeza maji tu"!

Nimeadimika, najua. Aliyeniona siku ile naingia hosteli usiku wa manane na begi limejaa vumbi, akatangaza kwamba nilikuwa nakula bata nyumbani Mpanda, ajue nilikuwa nimekwama porini na Noah iliyochemsha. Leo nataka kusema na mafundi.

Na niseme kabla sijapoa. Kuna sentensi mbili zinazoua injini zetu: "ongeza maji tu" na "toa themostati, huku kwetu ni joto".

Noah ni ya baba mdogo, zile za zamani zenye injini ya 3S chini ya viti vya mbele. Inabeba abiria, na sehemu ya ada yangu inatoka humo humo, kwa hiyo hasira yangu mnielewe. Kama wiki tatu kabla ya safari ilianza kudondosha maji. Kila asubuhi kidimbwi kidogo, upande wa mbele wa injini. Fundi akainama, akachungulia, akanyanyuka: "Mzee, hiyo kawaida, gari la siku nyingi. Ongeza maji tu." Mshale wa joto ulipoanza kupanda akaja na dawa ya pili. Akachomoa themostati na kuitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. "Hii Wajapani waliweka kwa ajili ya baridi ya kwao. Mpanda hapa ya nini?" Baba mdogo akalipa na kushukuru. Mimi nikanyamaza. Mtoto wa chuo ukifungua mdomo mbele ya fundi unaambiwa hayo ya vitabuni.

Haya, hapa hayupo, tuongee.

Wota pampu ina shafti inayozunguka kwenye beringi, na kuna sili inayozuia maji yasifike huko. Kati ya sili na beringi waliotengeneza wameacha kitundu kidogo, makusudi kabisa. Sili ikichoka, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi, na mwenye gari anapata habari mapema. Kwa hiyo lile tone la asubuhi siyo uzee, ni pampu inakuaga! Kwa nini fundi hakuibadilisha? Kwa sababu kwenye 3S pampu inazungushwa na taimingi belti. Kuifikia lazima ufungue kava, ushushe belti, urudishe kila alama mahali pake. Kazi hiyo inakula siku. Kuongeza maji ni dakika mbili. Hapo ndipo panaponiuma: mtu ana uvivu wake, anauvalisha joho la utaalamu.

Na hayo maji sasa! Ya bomba, ya kisima, ya mtoni, rejeta inameza yote. Watu wanadhani kulanti ni rangi ya mapambo. Ile ina dawa ya kuzuia kutu, inatunza sili ya pampu, na inachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Maji matupu yanaleta kutu na ukoko, na mapanga ya pampu yakiwa ya chuma yanalika mpaka pampu inazunguka bila kusukuma chochote. Halafu Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, maji kwenye sufuria ya wazi yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kinachookoa ni presha inayoshikwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko wetu ulikuwa umekazwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Msicheke.

Themostati nayo inafunga maji injini ikiwa ya baridi ili ipate moto haraka, halafu inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Injini inataka joto lake hilo hilo, iwe Mpanda iwe Tokyo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi na inalika. Tena kwenye injini nyingi za Toyota ina kazi ya pili: ikifunguka, upande wa nyuma inaziba njia ya mkato. Bila themostati njia hiyo iko wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umetoa kifaa gari lisichemshe, kumbe umelisaidia kuchemsha!

Basi bwana, tukatoka alfajiri kwenda Tabora. Siku hizi ni lami, watu wanakanyaga. Inyonga tukapita salama. Mbele yake, kabla ya Koga, pori tupu, mshale ukaanza kupanda. Baba mdogo akasema tuwashe hita itoe joto la injini, na kwa kweli hiyo mbinu ipo. Ila madirisha tumefunga kwa ajili ya mbung'o, gari limejaa, hita mpaka mwisho! Mara ikaanza kutoa hewa ya baridi. Abiria wakafurahi. Mimi ndiyo nikaogopa, maana yake maji hayafiki tena kwenye hita.

"Baba mdogo, simama tuzime."

"Tulia mwanangu, mshale si huo unashuka?"

Ulikuwa unashuka kweli. Maji yalishapungua, sensa imebaki kwenye mvuke. Tukaenda kilometa nne, tano hivi, ikazima yenyewe. Jamaa mmoja akakimbilia kufungua mfuniko wa rejeta, tukamshika mkono, angeungua uso. Oili tulipoiangalia ilikuwa kama chai ya maziwa. Gasketi imekwenda, hedi imepinda. Mimi nikafika Tabora juu ya lori.

Najua mafundi watajitetea: wateja wenyewe ndio wanataka bei ya chini, na kulanti nyingine mitaani ni maji ya rangi tu. Kweli, na baba mdogo ni mmoja wa wateja hao. Lakini mteja hajui kile kitundu ni cha nini. Wewe fundi unajua, au ulipaswa kujua, na ndiyo maana tunakulipa.

Jana baba mdogo kapiga simu. Hedi imerudi kutoka kuchongwa, pampu mpya imenunuliwa. Fundi yule yule anauliza, hivi kuna ulazima wa kununua na themostati?

Nikamwambia, "Baba mdogo, naomba mpe simu niongee naye."