Taa Kali Sio Ujanja: Mura, Unatupofusha!

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tarime. Jina la mhusika nalihifadhi, maana mji wenyewe mdogo na mimi bado nataka kunywa chai yangu stendi kwa amani. Ila wenye macho mmeshamjua. Ni yule kijana wa IST, taa za zambarau chini ya bodi, taa za mbele zinawaka bluu, na baa ya taa imefungwa juu ya bampa. Anatoka Nyamongo anaelekea Mugumu usiku, mziki juu, anajirekodi. Mara anatokea bodaboda upande wa pili. Bodaboda anainua mkono kuziba uso, pikipiki inayumba, anaishia kwenye majani pembeni ya barabara. Jamaa ndani ya gari anacheka. Huku chini watu wanamwaga emoji za moto.

Mimi sijaona moto pale. Nimeona mtu aliyebakiza kidogo tu aitwe marehemu.

Kabla hamjaniita mwenye wivu, tuelewane. Napenda ndinga zilizopendezeshwa. Mtu ukishapambana mpaka ukamiliki Vitz, Passo, IST au Probox yako, una haki ya kuing'arisha. Sio kila kitu mpaka umpelekee fundi. Balbu unabadilisha mwenyewe, stika unabandika mwenyewe, na Jumapili yako inaisha vizuri. Tatizo langu ni moja tu: taa ya mbele sio pambo lako binafsi. Ukiiwasha, unaitumia wewe na kila anayekuja mbele yako.

KWA NINI ZINAPOFUSHA?

Tuanze na kitu ambacho wauza vifaa wengi hawakwambii. Hizi gari zetu ndogo nyingi za Kijapani zilitoka kiwandani na balbu ya halojeni aina ya H4. Ile balbu ina nyuzi mbili ndani: moja ya taa za chini, wati 55, nyingine ya ful, wati 60. Chini ya uzi wa taa za chini kuna kikombe kidogo cha bati. Watu wanakidharau, kumbe ndicho kinachozuia mwanga usipande juu kwenye macho ya watu. Na kile kioo cha ndani ya taa kimechongwa kikijua uzi umekaa wapi, kwa vipimo vya milimita.

Sasa wewe unachomoa hiyo, unachomeka LED ya kuokoteza. Vijitaa vyake havikai pale uzi ulipokuwa, vingine ni vinene, vingine vimeangalia pembeni. Mwanga unatawanyika. Ukiwa ndani ya gari unaona mbele ya bampa peupe kama mchana, unafurahi. Lakini ule mwanga uliotakiwa kwenda mbali kwenye lami umepanda juu, umeingia machoni kwa bodaboda. Yaani umelipa hela ili uone karibu vizuri na mwenzako asione kabisa.

Halafu kuna hii rangi. Halojeni ya kawaida ina mwanga wa njano kidogo, kwenye boksi la balbu utaona kama kelvini 3,200 hivi. Hizi nyeupe za bluu zinaandikwa 6,000 au 6,500. Watu wanadhani namba ikiwa kubwa ndo mwanga mkali. Hapana, hiyo ni rangi tu. Na mwanga ukielekea bluu unakera zaidi jicho la anayekuja mbele.

Sisemi LED ni mbaya. LED yenyewe ni kitu cha heshima. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2014 kwa ajili ya LED ya bluu, ambayo ndiyo iliyoleta hizi LED nyeupe. Gari iliyotengenezwa na LED tangu kiwandani haina shida, maana taa nzima imechongwa kwa ajili yake. Shida ni kuchomeka LED kwenye nyumba ya halojeni. Uingereza tangu mwanzoni mwa 2021, gari yenye taa ya halojeni ikikutwa imepachikwa LED inafelishwa kwenye ukaguzi wa mwaka. Na wale barabara zao nyingi zina taa za kando. Sisi je?

NJIA ZETU TUNAZIJUA

Toka Tarime mjini shuka Nyamwaga, pita Nyamongo, endelea mpaka Mugumu. Niambie taa za barabarani utazihesabu ngapi ukishatoka kwenye senta. Kuna kona, kuna milima, msimu wa kiangazi kuna vumbi kwenye vipande ambavyo havina lami, na asubuhi kwenye miinuko kuna ukungu. Kwenye giza hilohilo kuna watu wanatoka kazini mgodini, kuna mama amebeba kuni, kuna mzee anarudisha ng'ombe kachelewa, kuna bodaboda kapakia abiria wawili na taa yake moja imefifia.

Ukienda upande wa Serengeti, kutoka Mugumu kuelekea Natta au Fort Ikoma, unaongeza wanyama. Wanyama hawasomi kibao kinachosema hapa ndo mwisho wa hifadhi. Fisi anakatiza, swala anakatiza, na akipigwa mwanga mkali usoni mara nyingi anaganda katikati ya njia.

Sasa fanya hesabu ndogo. Gari ikiwa kwenye spidi 80, kila sekunde inakata mita 22. Dereva aliyepigwa na mwanga akikaa sekunde tatu haoni, amesafiri zaidi ya mita 60 kama kipofu. Mita 60! Taa za chini zenyewe kwenye gari nyingi ndogo zinamulika vizuri mita 40 hadi 60 hivi. Ndani ya huo urefu anatosha kuwepo mtoto, ng'ombe na baiskeli.

Ndo maana nasema mwanga mkali wa mwenye gari ni giza la mwenye miguu. Yule mama wa kuni hana taa ya kukujibu. Hawezi kukuwashia ful na wewe uone uchungu wake. Yeye anachoweza ni kusogea pembeni, na pembeni penyewe ni mtaro.

"ILA KILA MTU KAFUNGA"

Hii ndo hoja ninayoisikia sana. Mshkaji mmoja aliniambia, mimi nisipofunga kali, mabasi na malori ya Sirari yatanimaliza mimi. Namuelewa, na hana uongo. Barabara ya Mwanza kwenda Sirari usiku kuna watu wanakuja na taa utadhani wanatafuta ndege angani.

Lakini angalia tunakokwenda. Wewe umefunga kali kwa sababu yeye kafunga kali. Kesho yeye ataongeza baa, keshokutwa wewe utaongeza mbili. Mwisho wa siku wote tumetumia hela na wote hatuoni, na wauza balbu ndo wanajenga. Watu wawili wakipofushana hakuna mshindi, kuna mochwari tu.

FANYA HIVI KWANZA, NI RAHISI

Sitaki kulaumu bila kutoa njia. Kama taa zako hazionyeshi, kabla hujanunua LED pitia haya.

Moja, safisha kioo cha nje. Zile taa ni plastiki, jua limezipiga miaka mingi Japani na huku, zimekuwa njano na ukungu. Balbu ni nzima ila mwanga unafia ndani. Bandika tepu pembeni kulinda rangi ya gari, piga msasa wa maji namba 800, kisha 1,500, kisha 2,000, malizia na polishi. Mwisho pulizia vanishi ya kuzuia jua, usipofanya hivyo unjano unarudi haraka. Ile ya dawa ya meno mnayoiona TikTok inang'arisha kwa muda mfupi tu.

Mbili, nunua halojeni mpya nzuri, zote mbili kwa pamoja. Balbu ya halojeni inafifia taratibu mpaka unazoea. Unapoiweka usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaweka doa, doa linapata joto, balbu inakufa mapema. Shika kwa kitambaa safi.

Tatu, pima taa zinaelekea wapi. Paki sehemu tambarare karibu na ukuta, weka alama ukutani kwenye urefu wa katikati ya taa. Rudi nyuma mita 10, washa taa za chini. Mstari wa juu wa mwanga uwe chini ya alama yako kwa sentimita 10 hivi. Kwetu tunapita kushoto, kwa hiyo mwanga unapanda kidogo upande wa kushoto ili umulike waenda kwa miguu na vibao. Ukiona umepanda kulia, hapo unachoma macho ya watu.

Nne, kile kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0. Wengi wanadhani ni cha mwanga wa dashibodi. Kwenye gari nyingi ni cha kushusha taa. Ukipakia watu watano na magunia ya mahindi nyuma, mkia wa gari unashuka na pua inanyanyuka, taa zinaangalia mawingu. Zungusha namba ipande, taa zishuke. Bure kabisa, hata shilingi hutoi.

UNATAKA LED? WEKA HUKU

Taa ya ndani ya paa, taa ya buti, taa ya namba ya nyuma. Huko jimwage. Balbu ndogo ya wati 5 unaitoa, unaweka LED inayokula kama wati 1, gari inapendeza na betri inapumzika. Ukiweka ikagoma kuwaka usirudi dukani kugombana, igeuze tu, LED ina upande wake. Ukiweka kwenye indiketa ukaona inapepesa haraka haraka, sio uchawi. Rilei inaona mzigo umepungua, inadhani balbu moja imeungua.

Unataka baa ya taa kwa ajili ya njia za porini? Sawa, ila iwe na swichi yake, iwake pale tu hakuna mtu mbele. Na nyaya jamani! Hesabu ni nyepesi: wati gawanya kwa volti. Baa ya wati 120 kwenye gari ya volti 12 inavuta ampea 10. Wewe umeichomekea kwenye kawaya kembamba ka redio, hakuna fyuzi, umefunga tepu nyeusi, umesema imeisha hiyo. Siku waya ukipata moto, gari itaungua na mkopo wake ukiwa haujaisha. Weka waya mnene, weka rilei, weka fyuzi karibu na betri. Hujui? Lipa fundi umeme wa magari, huo sio ushamba.

Zile LED za kamba za ndani nazo, ukiziacha zinavuta ampea 2 usiku kucha masaa 12, umekula ampea-saa 24. Betri ya gari ndogo ya 40, asubuhi unaomba kusukumwa. Na ukiwa unaendesha zizime, zinajirudi kwenye kioo cha mbele na macho yako yanashindwa kuzoea giza.

Na nyie mnaobandika stika nyeusi kwenye taa za nyuma ili gari ionekane gaidi. Taa ya breki kazi yake ni kumwambia wa nyuma nasimama. Ukiiziba umemwambia nini? Hela hiyo nunua stika za kuakisi, mbandikie na bodaboda wako wa mtaani.

Trafiki nao hawajalala. Faini ipo, na vimulimuli wameshavikomalia sana. Ila mimi sitaki uogope trafiki. Trafiki usiku wa manane huko Nyamongo hayupo. Aliyepo ni yule bodaboda, na anaweza kuwa mdogo wako anarudi nyumbani.

MSIMAMO WANGU

Kwa staa wetu wa klipu na wenzake wenye wafuasi kibao: mna nguvu kuliko mnavyojua. Dogo wa kidato cha nne anayeangalia video zenu leo, kesho akipata gari ataiga. Rekodi video ukisafisha taa zikarudi kama mpya. Rekodi ukipima taa ukutani. Hizo nazo zinapata watazamaji, na hazimwingizi mtu mtaroni.

Na sisi tunaomwaga emoji za moto tujiangalie pia, maana anayewasha ful kwa ajili ya kiki anawasha kwa sababu sisi tunashangilia. Ukiona gari inakuja mbele, shusha taa. Ukiona mtu wa miguu, shusha taa vilevile, hata kama yeye hana ya kukuwashia.

Wewe gari yako taa zinaelekea wapi, barabarani au machoni kwa watu? Leo jioni tafuta ukuta ukapime.