MGENI WA MWAKA KOGWA

Kila ufikapo mwezi wa Julai huzuka mazungumzo katika baraza za Likoni, Kisauni na Changamwe juu ya safari ya Unguja, kwenda kutazama sikukuu ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi. Juma lililopita karani mwenzangu aliniuliza: "Je, yafaa mtu mwenye mshahara mdogo na watoto shuleni kuvuka mpaka kwa ajili ya ngoma ya watu wengine?" Swali hili si la mzaha. Leo na tulitazame pande zote mbili.

Kwanza tuijue sikukuu yenyewe. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya mwaka wa Waswahili, ambayo wengine huiita Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Mwaka huo haufuati mwezi mwandamo bali jua. Una siku 365, yaani miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 juu yake. Kwa hisabu hiyo wakulima wa kale walijua majira ya kupanda, na mabaharia walijua wakati wa kungojea pepo. Na kwa kuwa hisabu hiyo haina siku ya nyongeza kama ile ya Februari, sikukuu husogea nyuma siku moja kila miaka 4.

Huko Makunduchi, wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mashina ya migomba, na kila mwenye kinyongo cha mwaka uliopita hukimaliza hapo. Wanawake huvaa nguo zao nzuri na kuimba. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, watu wachache huingia ndani, nacho hutiwa moto. Wao hutoka mbio, na wazee hutazama moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Baadaye watu hula pamoja na kwenda pwani kuoga. Ni desturi pia kwamba siku hiyo haifai nyumba kukosa mgeni.

Sasa tuje kwenye gharama. Mtu wa Changamwe hana budi kupita Ukunda na Msambweni hata Lungalunga, mwendo wa kilomita 100 hivi. Hapo huingia Horohoro, akaendelea Tanga na Dar es Salaam, kisha akapanda meli. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999 umerahisisha mambo mengi, walakini haukuondoa haja ya paspoti au hati ya safari ya muda. Nauli, chakula na malazi ya kwenda na kurudi ni fedha nyingi kwa mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Atakayekopa karo ya mtoto ili akaone moshi wa kibanda atakuwa amenunua furaha ya siku moja kwa majonzi ya muhula mzima. Huyo na akae kwake, wala asione haya.

Lakini aliyeweka akiba kidogo kidogo tangu Januari, simwambii asiende. Mpaka wa Lungalunga ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Haukuwekwa na babu zetu. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, na lugha yao ni moja. Kwa hiyo aendaye huko aenda nchi ya nje kwa hati tu. Kwa damu na desturi aenda kwa jirani. Tembea uone, walisema wazee.

Neno lililo kubwa kwangu ni namna ya kwenda. Kuna mtazamaji na kuna mgeni. Mtazamaji hufika na simu mkononi, huwapiga picha wanawake wa watu bila ruhusa, hucheka asiyoyafahamu, kisha huondoka. Mgeni huvaa kwa heshima, hubisha hodi, huchukua zawadi ijapokuwa ni kilo mbili za sukari, huuliza wazee maana ya mambo, na hula alichoandaliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mithali hiyo haikumhusu mtazamaji.

Tena, arudipo, asirudi mikono mitupu. Mombasa nayo ilikuwa na Siku ya Mwaka yake, wazee wakachinja ng'ombe na kuomba dua penye kaburi la Shehe Mvita. Wachangamwe ni mojawapo ya mataifa matatu ya mji huo, basi jambo hilo lawahusu watu wa bara pia. Twajua kuwa baadhi ya wanazuoni huikataa sikukuu hiyo kwa kuwa si ya dini, na mawazo yao yastahili heshima. Lakini kuijua hisabu ya miongo si kosa kwa yeyote. Waulizeni vijana wenu kama wanaifahamu, mtaona jinsi tulivyopoteza.

Kwa hiyo nilimjibu mwenzangu hivi: lipa karo kwanza, fedha ikibaki, nenda kama mgeni. Isipobaki, mkalishe mzee wa mtaani kwenu barazani, mnunulie kahawa, akuhesabie miongo. Na kama una kinyongo na jirani yako, usingoje mgomba wa Makunduchi. Kimalize jioni hii hii.