Shofere akikwama, siye tunalipa

Wakulima wenzangu, bei ya kubeba gunia ikipanda, tunamlaumu shofere. Tumuangalie vizuri. Shofere wengi wanalipwa kwa safari, hapana kwa mwezi. Lori ikikwama mu matope kati ya Walikale na Masisi, analala chini ya gari siku mbili, tatu, bila faranga. Halafu barieri zinamungoja mpaka Sake. Hasara yote inarudi juu ya gunia letu.

Koperative ipatane na mwenye lori mbele ya kupakia: bei ya gunia, feza ya siku za kukwama, na nani analipa barieri. Iandikwe. Shofere mwenye kulipwa vizuri hatatafuta abiria wa kuwapandisha juu ya viazi vyetu.