Tarumbeta ya masomo si sufuria



Siku ya posho mtoto anatoka masomo na sanduku la fanfari mkononi, anataka kupuliza mbele ya jirani wote. Tumwachie furaha yake. Lakini chombo kile ni cha masomo, na mwaka ujao mtoto wa mama mwingine anakingojea.

Tarumbeta ni shaba iliyochanganywa na zinki, na sisi watu wa Likasi shaba tunaijua. Basi mkono unavutwa kuisugua kwa majivu na ndimu mpaka ing'ae. Hapana, mama. Juu yake kuna rangi nyembamba inayoikinga, na ikitoka, jasho la mikono linakula shaba. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Ikihitaji kuoshwa, maji yawe ya uvuguvugu. Ya moto yanavua rangi ile ile.

Kabla ya kupuliza, mtoto asukutue mdomo. Sukari ya chai na vitumbula inaingia pamoja na mate, inaganda, na vitufe vinakwama. Vitufe vina mafuta yao mepesi. Mafuta ya ngazi yataviziba kabisa. Akimaliza, amwage maji yaliyo ndani kabla ya kufunga sanduku.

Kile kipande cha kuwekea mdomo ndicho kinachotusumbua zaidi. Watoto watatu wanapokezana tarumbeta moja, na mmoja ana kikohozi! Kioshwe kwa sabuni kila kinapobadili mdomo. Anayekohoa apumzike kwanza, na kikohozi kikipita wiki mbili aende kituo cha afya. Kipande hicho kikikwama, baba asikivute kwa koleo, maana bomba litapinda. Kirudi kwa mwalimu.

Gitaa nalo lina heshima yake hapa. Mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, mwaka 1952, Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco hapa hapa na kumrekodi akipiga "Masanga". Lakini gitaa ni mbao na gundi. Juni na Julai baridi inakaza, hewa inakauka, nasi tunasogea karibu na mbabula. Gitaa lisisogee pamoja nasi: gundi inaachia na ubavu unapasuka. Wakati wa mvua, lisiegemee ukuta wenye unyevu.

Mtoto akiangusha chombo, tusimpige. Akiogopa fimbo atakificha, na kitufe kilichopinda kidogo leo kitakuwa kimeharibika kabisa siku ya sherehe. Aseme mapema. Fundi wa tarumbeta hapatikani kila barabara.

Kwa vikundi vyetu: kwenye likelemba ya mwezi huu, tutenge franka kidogo za nyuzi na mafuta ya vitufe. Tena tuwaombe walimu wawe na daftari. Mtoto anapochukua chombo na anapokirudisha, sanduku lifunguliwe mbele yake na hali yake iandikwe. Mama akiwa na nafasi, aende kuangalia naye.